ArduPilot, PX4 au INAV: Droni Uliyojiundia Uiwekee Programu Ipi?

Fremu imefungwa, mota nne zimekazwa, waya zimelehemiwa na uzito umeshaupima. Hapo ndipo wengi hukwama: bodi ya kuongozea iwekewe programu gani ili droni ipae yenyewe, ifuate njia uliyoichora kwenye ramani, ipige picha zake, kisha irudi kutua bila wewe kugusa rimoti? Zipo tatu zinazoshindaniwa, zote za bure na za msimbo huria: ArduPilot, PX4 na INAV. Nimezitazama kwa vigezo vilevile, kwa sababu anayechagua kwa kusikia tu sifa za upande mmoja mara nyingi hujikuta na programu nzuri isiyo ya kazi yake.

Ili tusichanganye mambo, chukua droni moja ya mfano: fremu ya milimita 450, mota za 2212 (namba ya ukubwa wake) zenye 920KV (mizunguko kwa dakika kwa kila volti), pangaboi za inchi 10, betri ya seli tatu ya mAh 5000, uzito wote kama kilo moja na nusu. Droni ya namna hii hukaa hewani dakika kumi na kitu, na mafundi wengi wa kwetu huanzia hapo kwa sababu vipuri vyake vinapatikana na havina bei ya kutisha. Betaflight nimeiacha nje. Ni programu nzuri sana kwa mbio na michezo ya angani, lakini msingi wake si kufuata safari iliyopangwa, na anayetaka droni ya kujiendesha ataishia kuilazimisha.

Vigezo

Nitaangalia bodi na gharama yake, matayarisho kabla ya kuruka, uwezo wa kufanya safari yenyewe, namna ya kujiokoa mambo yakiharibika, nafasi ya kupanua mradi baadaye, na leseni pamoja na msaada. Kigezo cha kujiokoa nimekipa uzito kuliko vingine vyote. Kilo moja na nusu yenye pangaboi nne zinazozunguka ikianguka kwenye uwanja wa shule si jambo la kufikiria baadaye.

Zinakotoka

Asili ya kila moja inaeleza tabia yake. ArduPilot ilikulia kwa watu wa kujiundia, katika jumuiya ya DIY Drones iliyoanzishwa na Chris Anderson mwaka 2007. Bodi ya kwanza yenye jina hilo ilitoka mwaka 2009. Leo inaendesha droni za panga nyingi, ndege za mabawa, magari, boti na vyombo vya chini ya maji. Mmoja wa vinara wake ni Andrew Tridgell wa Australia, yuleyule aliyeandika Samba, programu ya kugawana mafaili kwenye mtandao wa kompyuta. Kundi lake la CanberraUAV liliitumia kushinda UAV Outback Challenge ya mwaka 2014, shindano ambalo ndege zilitafuta mwanasesere aliyelazwa porini na kumdondoshea chupa ya maji. Historia hiyo unaiona ndani ya programu yenyewe: karibu kila shida ambayo mtu aliwahi kuipata uwandani imewekewa parameta yake, yaani namba ya kurekebisha.

PX4 ilianzia chuoni, ETH Zürich nchini Uswisi, ambako Lorenz Meier alianzisha mradi wa Pixhawk mwaka 2008 akitaka droni inayojiongoza kwa kamera. Sasa iko chini ya Dronecode, taasisi iliyoanzishwa mwaka 2014 ndani ya Linux Foundation. Msimbo wake umegawanywa vipande vinavyopeana habari kwa utaratibu maalumu, jambo ambalo mtafiti hulipenda na mgeni hulitolea jasho.

INAV ni wa ukoo mwingine kabisa. Mzee wa ukoo ni MultiWii, iliyotumia vihisi vya kwenye rimoti za mchezo wa Nintendo Wii; baada yake ikaja Baseflight, kisha Cleanflight, na kutoka humo INAV ikachipuka ikiwa na lengo la kuongeza GPS na safari kwenye bodi ndogo za bei rahisi.

Bodi na gharama

Hapa INAV inaongoza kwa unafuu. Inakaa vizuri kwenye bodi zenye chipu ya STM32F405, zile za ukubwa wa kiberiti ambazo mara nyingi huuzwa pamoja na ESC nne (vidhibiti vya kasi ya mota) kwenye ubao mmoja. Ongeza GPS yenye kompasi, na umeshapata vitu vyote vya kuruka safari.

ArduPilot nayo inaingia kwenye nyingi za bodi hizo, ila kuna sharti. F405 ina hifadhi ya megabaiti moja tu, kwa hiyo baadhi ya mambo huondolewa, likiwemo lile la kuandika programu ndogo kwa lugha ya Lua zinazoendeshwa ndani ya bodi. Mradi una tovuti ya kujijengea toleo lako, ambako unaweka alama kwenye unachokihitaji na kuacha usichokihitaji. Ni msaada mkubwa kwa mwenye bodi ndogo. Ukitaka ArduPilot kamili, nunua bodi yenye chipu ya H743, ambayo ina megabaiti mbili.

PX4 inapendelea bodi za familia ya Pixhawk. Kuna bodi ndogo chache inazozikubali, lakini utakuta umeacha mengi njiani. Ukiichagua PX4, weka kwenye bajeti Pixhawk au bodi inayofuata viwango vyake tangu mwanzo. Bei inapanda, ila unapata vihisi zaidi ya kimoja vya mwendo, soketi zilizopangwa vizuri, na waya usiohitaji kulehemu.

Neno moja kuhusu redio ya kupeleka habari chini, kwa kuwa linazihusu programu zote tatu. Seti nyingi zinazouzwa mtandaoni ni za 915 MHz, masafa yaliyotengwa kwa ajili ya Marekani. Kwetu masafa hayo yanagusa mkanda wa simu za GSM 900. Chukua ya 433 MHz, na uulize mamlaka ya mawasiliano ya nchi yako nguvu inayoruhusiwa.

Matayarisho

ArduPilot hutayarishwa kwa Mission Planner, programu ya Windows. Sura yake imejaa vitufe na majedwali, na mara ya kwanza inatisha. Lakini ina uzuri ambao sijauona kwingine kwa kiwango hicho: inakuambia kwa nini haitaki kuruka. Chomeka betri uwandani, weka droni chini, na skrini itakuandikia "PreArm: Compass not calibrated" kama kompasi haijapimwa, au "PreArm: Need Position Estimate" kama GPS haijajua ilipo. Mota hazitawaka mpaka sababu iondoke. Upo uwezo wa kuzima ukaguzi huo na vijana wengi huuzima kwa haraka; nawasihi wasiuzime, maana ukaguzi huo ndio unaokamata kompasi iliyofungwa kinyume kabla droni haijapaa.

PX4 hutumia QGroundControl, inayofanya kazi kwenye Windows, Mac, Linux na hata simu ya Android. Inakuongoza hatua kwa hatua kwa picha: geuza droni hivi, iweke ubavu, sasa ilaze chali. Kwa mgeni kabisa, njia hii ni laini kuliko ya Mission Planner. QGroundControl inaongea pia na ArduPilot, kwa hiyo mwenye Mac asidhani amefungiwa nje.

INAV ina Configurator yake, nyepesi na ya moja kwa moja. Ukurasa wa kwanza una orodha ya ukaguzi yenye alama za kijani na nyekundu. Zikiwa zote kijani, unaruka. Aliyewahi kutayarisha Betaflight atajiona yuko nyumbani.

Kwenye kurekebisha mtulizo wa droni hewani kuna tofauti ya kweli. ArduPilot ina hali ya AUTOTUNE: unapaisha droni, unaiwasha, nayo inajitikisa upande huu na huu ikijipima mpaka ipate namba zake. Fanya hivyo asubuhi mapema kabla upepo haujaamka, na betri iwe imejaa. PX4 imepata uwezo wa namna hiyo pia. INAV inaufanya kwa ndege za mabawa tu. Kwa panga nne utaanza na namba zilizopendekezwa kwa ukubwa wa fremu yako, kisha usogeze kidogo kidogo.

Kompasi

Naipa sehemu yake kwa sababu ndiyo inayoangusha droni za kujiundia kuliko msimbo wowote. Dalili ni hii: umeiambia droni ikae mahali pamoja, inakaa sekunde chache, halafu inaanza kuchora duara. Duara linapanuka, mwendo unaongezeka, na usiporudisha uongozi mikononi mwako inaondoka. GPS ni nzima. Kilichoharibika ni mwelekeo: umeme mwingi unaopita kwenye waya wa betri umezalisha usumaku, kompasi imedanganyika, na droni inasahihisha kosa kwa kwenda upande usio sahihi.

Dawa ya kwanza ni ya mikono: inua GPS yenye kompasi juu ya mlingoti wa sentimita kumi hivi, sokota waya mwekundu na mweusi wa betri pamoja, na usifunge kitu chenye chuma karibu. Baada ya hapo ndipo programu isaidie. ArduPilot na PX4 zote zina njia ya kupima usumaku huo na kuutoa kwenye hesabu kulingana na umeme unaotumika. INAV inategemea ufungaji wako. Zote tatu huandika kumbukumbu za kila ruko, na hapo ndipo ukweli unapoonekana. PX4 inarahisisha zaidi: unapakia faili la ulog kwenye tovuti ya Flight Review na grafu zinajichora zenyewe. Kwa ArduPilot unalifungua faili la bin, unaweka mstari wa nguvu ya mota juu ya mstari wa kompasi. Vikipanda na kushuka pamoja, umempata mwizi. INAV ina Blackbox, ambayo ni nzuri kwa mitetemo ya mota.

Safari yenyewe

Kama kazi ni kupiga picha za shamba au kijiji ili kutengeneza ramani, ArduPilot na PX4 ziko karibu sana. Unachora mpaka wa eneo, unataja kamera na kimo, unasema picha zipishane kwa asilimia ngapi, nayo programu inatandika mistari ya kwenda na kurudi na kuamuru kamera ipige kila baada ya mita kadhaa. INAV inapita vituo ulivyoviweka, inasubiri, inageuka, inatua. Safari ya kukagua bomba la maji au uzio wa shamba inaiweza vizuri. Kazi ya ramani haikuwa shabaha yake, na ukiilazimisha utakuwa unapanga kila mstari kwa mkono.

Kwenye vilima tofauti inakuwa kubwa. Anayerusha Usambara, Kigezi au Musanze akipanga kimo cha mita 60 kutoka alipopaa, mteremko wa pili unaweza kuwa juu kuliko droni. ArduPilot inaweza kufuata umbo la ardhi kwa data za mwinuko zilizohifadhiwa kwenye kadi yake. Kwa PX4, QGroundControl hutumia data za mwinuko wakati wa kupanga safari, na kifaa cha kupima umbali wa chini kinasaidia wakati wa kuruka. Kwa INAV, kimo cha kila kituo ni jukumu la mpangaji.

Kujiokoa

Zote tatu zinajua kurudi nyumbani rimoti ikipotea. Tofauti iko kwenye zinavyokuja kabla hujazigusa, na hapa naomba usome taratibu.

ArduPilot ikipotewa na rimoti hurudi ilikopaa, ikipanda kwanza hadi mita 15. Mita 15 ni nzuri kwenye uwanja wa mpira. Pwani, mnazi uliokomaa hupita mita 20 bila shida, na droni inayorudi kwa mita 15 itaingia kwenye makuti. INAV huja na mita 10 tu. PX4 hupanga kurudi juu zaidi. Isitoshe, ArduPilot na PX4 zikiwa karibu na nyumbani hupunguza kupanda huko, hivyo namba uliyoiandika si lazima ndiyo utakayoiona ukijaribu ukiwa mita tano kutoka droni ilipopaa. Pima kitu kirefu kuliko vyote katika eneo lako, ongeza mita 10, na uandike namba hiyo mwenyewe.

Betri ni mtego mwingine. ArduPilot na PX4 huja zikiwa zimewekwa kutoa onyo tu au kutofanya chochote betri ikishuka. Kurudi nyumbani ni lazima ukuchague wewe. Kwenye INAV, kwa ajili ya rimoti kupotea, fungua ukurasa wa kujiokoa na uhakikishe kuwa kilichochaguliwa ni kurudi nyumbani, usikiache kilivyokuja. Halafu jaribu: ukiwa na nafasi wazi na kimo cha kutosha, zima rimoti makusudi na utazame. Ambaye hajawahi kulifanya jaribio hilo hana haki ya kurusha juu ya mtu.

Kwa wingi wa tahadhari, ArduPilot ina orodha ndefu kuliko zote: uzio wa kwenye ramani ambao droni haitakiwi kuuvuka, wa duara na wa umbo lolote, ukaguzi wa mtetemo, hatua mbili za betri, hata parachuti. PX4 iko karibu nayo na imepangwa kwa usafi zaidi. INAV inayo ya msingi, na kwa droni ndogo inayoruka mbele ya macho yako hayo yanatosha.

Kupanua mradi

Siku utakayotaka droni ione, kwa mfano itambue alama ya kutulia au ihesabu ng'ombe, utafunga kompyuta ndogo kama Raspberry Pi pembeni ya bodi. Hapo PX4 inang'aa. Imeunganishwa kwa karibu na ROS 2, mfumo wa kuunganisha programu za roboti, na programu ya kuigiza ya Gazebo inakupa uwanja mzima wa majaribio ndani ya kompyuta, pamoja na kamera ya kuigiza. Hali yake ya Offboard ina ukali mmoja wa kuujua: kompyuta ya pembeni lazima itume amri zaidi ya mara mbili kwa sekunde; ikinyamaza, droni inaiona imekufa na kuingia kwenye kujiokoa. Ni ukali mzuri.

ArduPilot ina hali ya GUIDED kwa kazi hiyohiyo, inaongea MAVLink (lugha ya mawasiliano ya droni) na programu za Python bila taabu, na imeongeza njia yake ya ROS 2. Jambo ninalolipenda kwa walimu ni kwamba Mission Planner ina droni ya kuigiza ndani yake: mwanafunzi mwenye laptopu ya kawaida ya Windows anaweza kurusha safari nzima bila kununua hata skrubu. INAV nayo inaigizwa, kupitia programu za kuigiza urukaji za X-Plane au RealFlight, lakini si chaguo la mtu anayetaka kompyuta ya pembeni iamue njia.

Leseni na msaada

ArduPilot na INAV ziko chini ya GPL toleo la 3. Ukibadilisha msimbo na kuuza droni ukiwa ndani, mnunuzi ana haki ya kuupata msimbo huo. PX4 iko chini ya BSD, inayokuruhusu kufunga mabadiliko yako. Kwa anayejiundia kwa matumizi yake, hili halibadilishi kitu. Kwa msaada, ArduPilot ina maandishi mengi na maswali mengi yaliyokwisha kujibiwa. PX4 ina maandishi yaliyopangwa vizuri yanayodhani wewe ni mhandisi. INAV ina video nyingi za watu wanaoonyesha kwa mikono.

Kibali cha kurusha hakitegemei programu; hutolewa na mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi yako. Kenya ni KCAA chini ya kanuni za mwaka 2020, Tanzania ni TCAA, Rwanda ni RCAA. Uliza kabla ya kuagiza vipuri kutoka nje, kwa sababu forodha inaweza kukuuliza karatasi siku mzigo unapoingia.

Kwa hali yako

Kama unataka ramani za mashamba, za fukwe au za mitaa, na eneo lako lina vilima, ArduPilot kwenye bodi ya H743 ndiyo ningeianza nayo. Utajifunza polepole, lakini kila utakachokihitaji mbele kipo humo.

Kama ni kundi la wanafunzi wa uhandisi wenye mradi wa kamera na ROS 2, na mmoja wenu hajisikii vibaya kwenye Linux, chukueni PX4 na Pixhawk. Anzeni kwenye Gazebo hata kabla vipuri havijafika. Kampuni changa inayofikiria kuuza chombo chenye siri zake nayo iangalie huku, ikiwa na mwanasheria aliyesoma leseni.

Kama bajeti ni ndogo, unataka droni iruke vituo kadhaa na kurudi, na furaha yako ni kujenga kwa mikono, INAV itakufikisha hewani mapema kuliko hizo mbili. Inamfaa pia anayetoka kwenye droni za mbio na tayari ana bodi na rimoti.

Kama unafundisha sekondari au karakana ya vijana, gawa kazi: kuigiza kwa ArduPilot ndani ya Mission Planner kwa darasa zima, na droni moja halisi ya kurushwa kwa zamu.

Na kama tayari una F405 mezani, hujui kazi itakuwa ipi, weka INAV kwanza. Angalia jina la bodi yako kwenye orodha ya ArduPilot ili ujue mlango wa kuhamia uko wazi, kisha hifadhi faili la mipangilio yako. Ukihama, mipangilio ya INAV haitahama nawe: utapima upya kompasi, rimoti, voltiji ya betri na mwelekeo wa kila mota, pangaboi zikiwa zimeondolewa.